Mapango ya bustani katika chapa za Italia: mawe yasadikiwe, maji yashukiwe

Swali la msomaji

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa majengo, mwaka wa tatu. Katika kitabu chakavu nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba nimekuta picha ya chapa, nyeusi na nyeupe, inayoonyesha ukuta mkubwa wa nusu duara wenye mapango, na ndani yake sanamu, mojawapo ikiwa ya jitu lililobeba tufe. Maji yanaruka kila upande na watu waliovaa makoti marefu wanakimbia. Maandishi ya chini yanataja Villa Aldobrandina, Frascati, pamoja na majina Falda na de Rossi. Je, mahali hapa palikuwapo kweli au ni ndoto ya mchoraji? Kwa nini tajiri ajenge pango ndani ya bustani na kuweka sanamu humo? Na je, naweza kuitumia chapa hii kama ushahidi katika tasnifu yangu?"

Jibu

Marahaba. Nianze na lililo jepesi. Mahali hapo palikuwapo na papo hadi leo, ingawa ukienda sasa hutayakuta maji yakiruka kwa fahari uliyoiona. Ukuta huo ni wa Villa Aldobrandini, katika mji wa Frascati ulio vilimani kusini-mashariki mwa Roma, umbali wa kilomita 20 hivi. Jumba lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya Kardinali Pietro Aldobrandini, mtoto wa ndugu yake Papa Klementi VIII. Msanifu wa kwanza, Giacomo della Porta, alifariki mwaka 1602 kazi ikiwa haijakwisha, wakaiendeleza Carlo Maderno na Giovanni Fontana, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa bingwa wa maji. Wanafani huuita ukuta huo thieta ya maji, na jina hilo halikutolewa bure, kwa sababu ulijengwa ili mgeni asimame mbele yake aonyeshwe mchezo.

Swali lako la tatu ndilo lililonikalisha chini kuandika kwa urefu. Kila mwaka nasahihisha kazi za wanafunzi wanaobandika chapa za namna hii kana kwamba ni picha za kamera. Wengine, kwa kuzidisha tahadhari, huziacha kabisa wakidai kwamba ni mapambo tu. Wote wamekosea. Msimamo wangu ni kwamba katika chapa za bustani za wakati wa Baroko, yaani mtindo wa fahari uliotawala sanaa ya Ulaya hasa karne ya 17, mawe husema kweli kuliko maji, na maji husema kweli kuliko watu. Nitakuonyesha nilivyofikia hapo, nawe utapima.

Yatazame kwanza maandishi ya chini, ambayo wengi huyaruka wakidhani ni urembo. Giovanni Battista Falda alizaliwa mwaka 1643 huko Valduggia, kaskazini mwa Italia, akafanya kazi Roma mpaka alipofariki mwaka 1678, hata miaka 35 hajaitimiza. Giovanni Giacomo de Rossi alikuwa mchapishaji na mfanyabiashara, na duka lake lilikuwa karibu na kanisa la Santa Maria della Pace, ndiyo maana chapa zake nyingi zina maneno "alla Pace". Ukikuta kifupisho "del." baada ya jina, huyo ndiye aliyechora, "sculp." au "inc." ndiye aliyechonga bamba, na neno "privilegio" lina maana kwamba mchapishaji alikuwa na kibali cha Papa cha kuwazuia wengine wasiinakili kazi hiyo. Kwa hiyo kabla hujalitazama hata pango lenyewe, umekwisha kujua jambo moja kubwa, yaani kwamba mbele yako ipo bidhaa iliyotengenezwa ili iuzwe. De Rossi alitoa mkusanyo wa chemchemi za Roma na vitongoji vyake katika sehemu nne. Mbili za kwanza alizichonga Falda, na ya pili kati ya hizo ndiyo ya Frascati, uliyoiona wewe. Mbili za mwisho alizichonga Giovanni Francesco Venturini, ya nne ikiwa ya bustani ya Villa d'Este huko Tivoli. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa wasafiri, watu wa Ufaransa, Uingereza na nchi za Kijerumani, waliotaka kurudi kwao na kitu cha kuonyesha, pamoja na watu wa majumba ya kifalme waliotaka kuiga walichosikia habari zake.

Namna ya kuitengeneza chapa nayo inahusu swali lako. Bamba la shaba hupakwa tabaka jembamba la nta, mchoraji huikwangua nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba huingizwa kwenye tindikali ambayo hula shaba pale tu nta ilipotoka. Bamba hufutwa, hupakwa wino, wino wa juu huondolewa ukabaki ule ulioingia mifereji, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mtambo mzito. Picha hutoka imegeuka, kulia kukiwa kushoto. Mchongaji makini kama Falda aliigeuza kwanza kwenye bamba ili karatasini itoke sawa. Mwizi wa kazi aliyenakili moja kwa moja kutoka kwenye karatasi hakujisumbua, na ndiyo sababu zipo chapa ambamo bustani nzima imepinduka. Kazi ya Falda ilinakiliwa mapema. Joachim von Sandrart alitoa toleo lake huko Nuremberg mwaka 1685. Mabamba halisi ya duka la de Rossi yaliuzwa kwa serikali ya Papa mwaka 1738 yakaendelea kuchapishwa, hivyo chapa mbili za bamba moja zinaweza kupishana miaka mia moja, na ile ya baadaye hutambulika kwa mistari iliyofifia, hasa vivuli vya ndani ya mapango, ambavyo ndivyo huchakaa kwanza. Ikiwa katika kitabu chako ndani ya mapango panaonekana peupe kama ukuta uliopakwa chokaa, usiharakishe kuandika kwamba Falda alikuwa mvivu wa vivuli.

Sasa pango lenyewe. Mwenye bustani wa Italia hakuwa akiiga pango la porini. Alikuwa akiiga Warumi wa kale, ambao walijenga mahali pa chemchemi na kupaweka wakfu kwa mabinti wa maji wa imani yao ya zamani. Leon Battista Alberti, ambaye kitabu chake cha usanifu kilichapwa mwaka 1485, alieleza jinsi wahenga hao walivyozifunika kuta za mapango kwa mawe mepesi yenye matundu, na jinsi alivyoona nta ya kijani ikipakwa ili ifanane na ukoga wa pango lenye unyevu. Ipige picha hiyo kichwani: tajiri anamlipa fundi amtengenezee ukoga! Mafundi wa karne ya 16 na ya 17 walikwenda mbali zaidi. Walileta vipande vya chokaa kilichoganda penye maji ya asili, wakavitundika darini kama stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia katika dari za mapango ya asili, wakavichanganya na makombe, kauri, lulumizi, vioo na mawe ya rangi, wakapanga sakafu kwa kokoto nyeusi na nyeupe. Vitu ambavyo mtoto wa pwani kwetu huviokota akavitupa, huko vilihesabiwa na kupangwa kipande kwa kipande.

Ndani ya mandhari hiyo sanamu ilipata maana ambayo isingeipata ikisimama juani. Penye maji walikaa wenye maji, yaani miungu ya mito waliojinyoosha na mitungi yao, mabinti waliolala, na Neptune, mungu wa bahari wa Warumi. Penye giza na mawe walikaa majitu waliozaliwa na ardhi. Katika bustani ya Boboli mjini Firenze, pango kubwa alilolikamilisha Bernardo Buontalenti kati ya mwaka 1583 na 1593 liliwekewa pembeni sanamu nne za Michelangelo ambazo hazikumalizwa, zile za wafungwa wanaoonekana kama wanajikwamua kutoka ndani ya jiwe, na mafundi wakazizungushia mawe ya pango hata usijue jiwe linaishia wapi na mwili unaanzia wapi. Sanamu hizo zilihamishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na zilizopo pangoni leo ni nakala.

Kwa Frascati, jitu uliloliona limebeba tufe ni Atlas, ambaye katika hadithi za Wagiriki alibebeshwa mbingu mabegani. Wanahistoria wamelisoma kama sifa kwa Papa, aliyebeba mzigo wa dunia, na kwa familia yake iliyomsaidia kuubeba. Pembeni yake yupo Polyphemus, jitu la jicho moja, akipuliza filimbi za mianzi, na upande wa pili yupo kiumbe nusu mtu nusu farasi mwenye baragumu. Atlas na Polyphemus huhesabiwa kuwa kazi ya Jacques Sarazin, mchongaji kijana wa Kifaransa aliyekuwa akijitafutia maisha Roma. Tazama kwamba wawili kati ya watatu hao wameshika vyombo vya kupuliza. Hapo ndipo chapa inapokosa uwezo, kwa sababu mapango haya yalijengwa kwa ajili ya masikio pia.

Baragumu ile ililia kweli, na filimbi zile zilipiga kweli. Siri ilitoka katika maandishi ya Heron wa Alexandria, Mgiriki wa kale, yaliyotolewa kwa Kilatini mwaka 1575 na kwa Kiitaliano mwaka 1589, na mafundi wa bustani wakayameza. Maji yaliyoletwa kwa mfereji kutoka mlima Algido yaliangushwa kwa nguvu ndani ya chumba cha mawe kilichozibwa. Yanapoanguka huburuta hewa. Maji hutokea chini, hewa hubaki juu ikibanwa, kisha hewa hiyo iliyobanwa hupelekwa kwa bomba hadi kwenye filimbi au baragumu. Mkondo mwingine wa maji hulizungusha gurudumu, gurudumu hulizungusha pipa lenye vijiti, na vijiti hufungua na kufunga filimbi kwa zamu, ukapatikana wimbo bila mpigaji. Pembeni mwa thieta hiyo kuna chumba kinachoitwa cha Apollo, ambamo palikuwa na mlima wa bandia wa Parnassus, Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki, na Muse, miungu wa kike wa sanaa, wakiwa wamekaa juu yake kila mmoja na ala yake, na kinanda cha maji kikipiga kwa niaba yao. Falda alikichonga chumba hicho katika chapa nyingine ya mkusanyo uleule. Kuta zake zilikuwa na picha za Domenichino na wasaidizi wake, za mwaka 1616 hadi 1618, zikisimulia visa vya Apollo; nane kati ya hizo zilibanduliwa ukutani na sasa zimo katika National Gallery jijini London.

Mwingereza John Evelyn alipita hapo mwaka 1645 akaandika katika kumbukumbu zake kuhusu Atlas anayerusha maji juu sana, dubwana linalonguruma kwa pembe, mchezo wa dhoruba wenye mvua, upepo na radi ambao alisema unafanana mno na ya kweli, na tufe la shaba lililocheza hewani kiasi cha futi tatu juu ya sakafu kwa upepo uliotoka katika tundu lililofichwa. Mambo hayo hayachongeki. Katika chapa, ngurumo haipo, na tufe linalocheza haliwezi kupambanuliwa na tufe lililotundikwa. Falda alilijua tatizo hilo, naye alilitatua kwa njia mbili, yaani maandishi ya chini yanayoeleza kwamba sanamu hizi hupiga ala kwa nguvu ya maji, na watu wanaokimbia.

Hao wanaokimbia makoti yakipepea wana habari yao. Bustani hizo zilikuwa na michezo ya maji, vijito vilivyofichwa katika ngazi, katika viti, katikati ya kokoto za sakafu na hata katika vizingiti vya milango. Fundi wa chemchemi alikaa mahali asipoonekana akiwa na funguo za mabomba, akasubiri wageni waingie pangoni washangae, kisha akafungua. Katika pango la wanyama la Castello, karibu na Firenze, ambako wanyama wa mawe ya rangi mbalimbali, na pembe-moja wa hadithi miongoni mwao, wamepangwa juu ya mabirika, mgeni angeweza kufungiwa mlango nyuma yake kabla ya maji kuanza. Charles de Brosses, mwanasheria wa Burgundy aliyezuru Italia mwaka 1739 na 1740, alisimulia jinsi yeye na wenzake, watu wazima wenye vyeo, walivyorushiana maji kwa mipira ya ngozi huko Frascati mpaka wakalowa chapachapa. Kwa hiyo watu wanaokimbia katika chapa yako wanaonyesha jambo lililotokea kweli. Ila hao unaowaona hawakuwapo siku Falda alipochora. Ni watu wa akiba, aliokuwa akiwapanga popote alipohitaji kuonyesha kwamba kitu kinaruka, kinashtua au kinafurahisha.

Wana kazi nyingine ambayo wewe, msanifu, unapaswa kuihofia zaidi. Wamechorwa wadogo kuliko inavyopaswa. Ukimpunguza mtu urefu, ukuta hurefuka bila kuugusa. Ndiyo maana nakukataza kabisa kukadiria vipimo kwa kuhesabu ukuta ni sawa na watu wangapi. Hesabu idadi ya mapango, nguzo, ngazi na vizingiti, na mpangilio wake. Hapo Falda ni mtu wa kutegemewa, kwa sababu alikuwa na jicho la mpima majengo na wanunuzi wake wengi walikwisha kupaona mahali penyewe. Maji, kwa upande wake, huyarusha yote kwa pamoja na kwa kimo kimoja, ilhali mabomba ya wakati ule yalifunguliwa kwa zamu, hili likipumzika lile likicheza. Miti nayo ni ya makisio tu; hukatwa ufupi pale inapoziba jengo na kurefushwa pale inapohitaji kulifunga fremu.

Liko kosa kubwa kuliko hayo, nalo ni kuchora kisichokuwapo. Mwaka 1573 Étienne Dupérac alitoa chapa mashuhuri ya Villa d'Este, bustani ya Kardinali Ippolito II d'Este huko Tivoli, ikionekana kutoka juu kama aionavyo ndege. Kardinali alikuwa amefariki mwezi Desemba mwaka uliotangulia na kazi ilikuwa haijakamilika. Chapa inaonyesha bustani kama ilivyokusudiwa, ikiwamo chemchemi kubwa ya Neptune kwenye ukingo wake ambayo haikujengwa wakati huo. (Chemchemi yenye jina hilo wanayopigia picha watalii leo ni ya mwaka 1927, nayo ni kitu kingine.) Zaidi ya miaka mia baadaye Venturini aliichonga bustani hiyohiyo, na huyo alichonga alichokikuta. Ukiziweka chapa hizi mbili kando kwa kando unapata kitu ambacho hakuna hata moja inayokupa peke yake, yaani tofauti kati ya nia na matokeo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Pratolino, kaskazini mwa Firenze, ambako Buontalenti alimjengea Francesco I de' Medici, wa ukoo uliotawala Firenze, jumba na bustani kuanzia mwaka 1569. Humo mchongaji Giambologna alisimamisha Appennino, jitu la mawe, matofali na chokaa lenye kimo cha zaidi ya mita 10, limechutama ukingoni mwa bwawa na mkono mmoja umekandamiza kichwa cha dubwana linalotapika maji. Ndani ya mwili wake mna vyumba na mapango, kwa hiyo huwezi kusema sanamu imo pangoni au pango limo ndani ya sanamu. Montaigne, mwandishi wa Kifaransa, alipita hapo Novemba 1580 akalikuta bado linajengwa, akastaajabia upana wa tundu la jicho lake, ambao aliukadiria kuwa dhiraa tatu. Picha ya rangi ambayo Giusto Utens aliichora mwishoni mwa karne ya 16 au mwanzoni mwa iliyofuata, katika mfululizo wa majumba ya Medici, inaonyesha nusu ya kusini tu ya Pratolino, na Appennino yuko kaskazini. Tunabaki na Stefano della Bella, fundi wa Firenze mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowataja, aliyechonga mandhari sita za Pratolino mwanzoni mwa miaka ya 1650. Katika mojawapo unaona mwaloni mkubwa uliozungushiwa ngazi, watu wakipanda kwenda kukaa matawini ambako maji yamepandishwa pia. Katika nyingine unamwona Appennino mwenyewe, maji yakimtiririka.

Sasa angalia mgongoni mwake. Leo nyuma ya jitu hilo kuna joka la mawe, na wageni wengi huondoka wakiamini kwamba Giambologna aliviumba vyote viwili. Della Bella hana joka. Joka liliongezwa na Giovanni Battista Foggini mwishoni mwa karne ya 17, na chapa inathibitisha kwamba kabla yake palikuwa patupu. Huo ndio ushahidi wa mawe ninaousema. Lakini mabamba hayohayo ya della Bella yalitumiwa tena katika kitabu cha Bernardo Sgrilli kuhusu Pratolino kilichotoka mwaka 1742. Mwanafunzi anayeikuta picha humo na kuandika "Pratolino mwaka 1742" amekosea kwa takriban miaka 90, na katika miaka hiyo joka limekwisha kuingia na mambo mengine yamebadilika. Jumba lenyewe lilibomolewa katika miaka ya 1820 na bustani ikageuzwa kuwa ya mtindo wa Kiingereza, kwa hiyo, ukiliacha jitu lenyewe, sehemu kubwa ya yaliyochorwa haina tena pa kwenda kuhakikiwa.

Hasara kama hiyo iliipata Roma kwa kiwango kikubwa zaidi. Villa Ludovisi, ambayo Falda aliichora ikiwa na njia zake zilizojaa sanamu, iliuzwa viwanja katika miaka ya 1880, na sanamu zake nyingi za kale ziko Palazzo Altemps, jumba la makumbusho la Roma. Villa Montalto imemezwa na kituo cha treni cha Termini pamoja na mitaa inayokizunguka. Neptune na Triton, sanamu ambayo Bernini aliichonga akiwa na umri wa miaka 24 hivi ili isimame juu ya bwawa la bustani hiyo, ilinunuliwa mwaka 1786 na mchoraji wa Kiingereza Joshua Reynolds, na sasa imo Victoria and Albert Museum, London, juu ya sakafu kavu. Ukiitazama humo hutaelewa kwa nini Neptune anaelekeza mkuki chini kwa ghadhabu kiasi kile. Ukitazama chapa za karne ya 17 utaona bwawa lililokuwa miguuni pake, nawe utaelewa kwamba alikuwa akiyaamrisha maji hayo.

Kuhusu sanamu moja-moja, tahadhari yangu ni fupi: chapa huonyesha sanamu za kale zikiwa zimekarabatiwa, zina mikono na pua ambazo huenda zilitiwa na mchongaji wa karne ya 17. Usihusishe mkono wa Bernini au wa Algardi na fundi wa kale.

Nakushauri uiweke kando ya chapa yako picha moja ambayo si chapa. Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alichora vipande viwili vidogo vya bustani ya Villa Medici, Roma. Viko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, na wataalamu wanabishana kama ni vya safari yake ya kwanza, karibu mwaka 1630, au ya pili, karibu mwaka 1650. Kimoja kinaonyesha mlango wa pango chini ya ukumbi wa nguzo. Mlango umezibwa kwa mbao. Mbao zenyewe ni za hovyo, zimepigiliwa zikipishana, na lipu ya ukuta imechakaa. Juu, kwenye baraza, mwanamke anatandaza kitambaa cheupe, pengine nguo iliyofuliwa, na chini wanaume wawili wanazungumza. Hakuna maji, hakuna anayekimbia. Mwaka 1656, katika bustani hiyohiyo, della Bella alichonga chapa ya gudulia kubwa la marmari la Medici, na miguuni pake ameketi kijana mwenye ubao wa kuchorea, ambaye hutambulika kuwa Cosimo, mrithi wa ukoo huo, akijifunza sanaa katika mali ya baba zake. Gudulia hilo lipo, linaonekana katika jumba la makumbusho la Uffizi, Firenze, na limechongwa kwa uaminifu. Zile mbao, hata hivyo, hakuna mchapishaji wa Roma ambaye angelipa shaba na tindikali ili zionekane.

Kwa hiyo itumie chapa yako, lakini maelezo ya chini ya picha yaandikwe kikamilifu: aliyechora, aliyechonga, aliyechapisha, mji, muongo wa bamba, na kwamba ulichonacho ni nakala ya kitabuni. Itafute pia Villa Aldobrandini ya Dominique Barrière, Mfaransa aliyechapisha mfululizo wake kuhusu bustani hiyo mwaka 1647, takriban miaka 30 kabla ya Falda, uone nini kimebaki na nini kimehama. Kisha fanya zoezi moja la rula. Chukua ramani ya kiwanja, weka alama kwenye ncha mbili za ukuta wa nusu duara, halafu tafuta mahali ambapo mtu mwenye macho ya kawaida angeweza kuuona wote kwa mara moja, pamoja na ngazi ya maji iliyo juu yake kilimani. Nafasi kati ya ukuta na jumba ni finyu. Ukichora mistari yako kwa uangalifu, nadhani utamkuta Falda amesimama ndani ya nyumba ya kardinali, ukuta wa nyuma wa nyumba hiyo ukiwa ameuondoa ili apate kuona.